Mzee kaanza kusahau: daftari, ukoo, vinasaba na makaratasi ya ulemavu kwa tulioko Dar

Nianze na la muhimu maana najua wengi hamtafika mwisho. Kama una mzee nyumbani kaanza kusahau mpaka mnaogopa, kitu cha kwanza kununua sio kipimo cha DNA wala ile dawa ya majani inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, ni daftari. Daftari la kawaida tu la shule. Hilo ndo litakupeleka kwa daktari, kwa afisa ustawi wa jamii, kwenye mfuko wa pensheni, na hata kwenye lile swali ambalo watoto wote wanaliwaza usiku na hakuna anayelisema mezani: je na sisi tutaupata huu ugonjwa wa kusahau unaoitwa Alzheimer?

Kwenye daftari andika matukio, usiandike maoni. "Mama siku hizi hayuko sawa" haimsaidii mtu. Andika Jumanne kaenda sokoni Tandale, njia anayopita miaka yote, kapotea, karudishwa na bodaboda. Andika kauliza tena na tena asubuhi moja kama Juma karudi shule, na Juma ana watoto wawili. Weka tarehe. Afu andika pia zamani alikuwa anaweza nini, hapa ndo watu wengi wanaruka: mama aliyekuwa mhazini wa kikoba akishindwa kuhesabu chenji ya elfu tano ni habari nzito sana, wakati mzee ambaye maisha yake yote hesabu kamwachia mkewe, akikosea chenji labda hamna kitu kipya hapo.

Ila kama kabadilika ghafla, yaani juzi mzima leo haeleweki anaongea na ukuta, achana na daftari, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Alzheimer inakuja polepole kwa miezi na miaka. Ya ghafla inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka, kiharusi, au damu imevilia kwenye ubongo baada ya kuanguka bafuni na hakusema. Kwa wazee homa yenyewe inaweza isionekane kabisa, ukaona kuchanganyikiwa tu.

Hospitali sasa. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate rufaa ya Amana, Temeke au Mwananyamala kutegemea unakaa upande gani, na huko wakiona inafaa watakusogeza Muhimbili. Najua inachosha na kila mtu anataka aruke moja kwa moja juu, lakini bima ikikuta huna rufaa inaweza kugoma, na hizo karatasi za kila hatua utazihitaji baadaye. Mzee aende na mtu anayekaa naye kila siku, sio yule kaka mkubwa anayekuja Jumapili kwa gari na kusema "mbona mzee yuko fresh tu". Wazee wanajikaza sana mbele ya wageni, saa moja anaweza kuongea vizuri ukajiona wewe ndo muongo.

Daktari mzuri hataanza na neno Alzheimer. Ataanza kuondoa vingine: presha, sukari, tezi la shingo, vitamini B12, HIV, kaswende, sonona, dawa anazotumia, na ataangalia macho na masikio, maana mzee asiyesikia anajibu ovyo na watu wanasema kachanganyikiwa. CT skani ikiandikwa msitegemee irudi na jibu la "ndio ni Alzheimer", kazi yake kubwa ni kuona kama kuna uvimbe, damu au dalili za kiharusi. Halafu kuna maswali ya kupima kumbukumbu, na hapa kuna jambo la kujivunia kidogo. Vipimo vingi vya Wazungu vinataka mtu achore saa au aandike sentensi, sasa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu utampimaje? Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai kule Kilimanjaro wakatengeneza kipimo kinaitwa IDEA ambacho hakihitaji shule, bibi anaambiwa ataje wanyama wengi anavyoweza ndani ya dakika moja, apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, na maswali mengine machache. Utafiti wa huko huko Hai uliochapishwa 2013 ulikuta kama watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana dimenshia, yaani kumbukumbu na akili kuporomoka, na Alzheimer ndo chanzo chake kikubwa. Kwa hiyo anayekwambia huu ni ugonjwa wa Ulaya, mwambie aende Hai.

Kabla hujatoka kwa daktari omba barua. Na sio barua ya mstari mmoja yenye jina la ugonjwa na muhuri. Mwombe kwa heshima aandike ugonjwa umefika hatua gani, lini umeanza kuonekana (toa daftari hapo hapo), na mgonjwa hawezi kufanya nini mwenyewe bila msaada: kuoga, kuvaa, kumeza dawa kwa wakati, kushika hela, kutoka peke yake. Barua isiyosema mgonjwa hawezi nini inakuwa nyepesi kila ofisi utakayoingia. Piga nakala kama nane hivi uzifungie kwenye faili.

Kuhusu dawa nitapita haraka. Donepezil, rivastigmine, memantine, hizi zinaweza kupunguza dalili kwa baadhi ya watu kwa muda, haziponyi na hazisimamishi ugonjwa. Kuna mpya zilizoidhinishwa Marekani, lecanemab 2023 na donanemab 2024, ni za dripu, za hatua ya mwanzo tu, zinachelewesha kidogo, na zinataka upigwe MRI (picha za ubongo) mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kutoka damu. Nazitaja kwa sababu hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye aina fulani ya jeni (yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), ndo tunaingia huko sasa.

Je ni ya ukoo?

Geuza daftari, upande wa nyuma chora ukoo. Hiki ndo kipimo cha vinasaba cha bure na kwa familia nyingi kinatosha. Vizazi vitatu: mgonjwa na ndugu zake, wazazi wake na ndugu zao, babu na bibi. Kila mmoja andika kafariki na miaka mingapi, kama alianza kusahau, na muhimu kuliko yote alianza akiwa na umri gani. Umri wa kuanza ndo kila kitu hapa.

Najua utaniambia bibi hajui kazaliwa lini. Tumia matukio. Muulize wakati wa Azimio la Arusha alikuwa keshaolewa? Vita vya Kagera alikuwa na watoto wangapi? Ukishajua kwamba babu alianza kupotea njia kipindi kile kile shangazi wa mwisho anaanza darasa la kwanza, unapata makadirio ya kutosha. Andika undugu wa damu wenyewe, maana kwetu baba mkubwa anaweza kuwa kaka wa baba au mtoto wa mjomba wa baba na wote tunawaita hivyo hivyo, jenetiki haielewi heshima. Weka na watoto wa nje, ndio, wale wale. Na ukisikia hadithi ya mtu "aliyerogwa akarukwa na akili ukubwani" usibishane kikaoni, iandike na umri wake, inaweza ikawa ndo taarifa ya maana kuliko zote. Kumbuka pia aliyefariki na miaka 45 kwa ajali hatujui angekuwaje, weka alama ya kuuliza.

Sasa angalia mchoro. Kama unaona watu wanaanza wakiwa na miaka 40 na kitu au 50 na kitu, na inashuka kizazi hadi kizazi bila kuruka, hapo kuna uwezekano wa ile aina ya kurithi moja kwa moja. Jeni zinazojulikana kusababisha hivyo ni tatu: APP iliyoko kromosomu ya 21 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni), mabadiliko yake yalipatikana 1991, halafu PSEN1 kromosomu ya 14 na PSEN2 kromosomu ya 1, zote mbili 1995. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, wa kike wa kiume sawa, na mtoto wa kwanza kukwepa hakumpunguzii wala kumwongezea wa pili. Ila hii aina ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Familia nyingi zinazolia "ni laana ya ukoo" hazimo humo.

Mengi tunayojua kuhusu aina hii yametoka kwenye ukoo mmoja mkubwa wa Antioquia, Colombia, ambao daktari Francisco Lopera aliufuatilia kwa miaka mingi, watu wanaanza kusahau wakiwa katikati ya miaka ya 40 kwa sababu ya badiliko moja la PSEN1. Mwaka 2019 ikatangazwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo aliyekuwa na hiyo jeni mbaya kabisa lakini kafika miaka ya 70 ndo kaanza kusahau. Walipomchunguza wakakuta ana badiliko jingine adimu, kwenye jeni ya APOE, karithi kwa wazazi wote wawili, na inaonekana hilo ndo lilimlinda. Kwa hiyo hata pale penye jeni kali bado kuna mambo mengine yanaingilia.

Na kama kwenu kuna mtu aliyezaliwa na hali ya Down (Down syndrome), msikilizeni mapema. Yeye ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na APP iko humo humo, kwa hiyo Alzheimer inamjia mapema sana kuliko watu wengine. Akianza kuwa mkimya au kusahau kuvaa mtu asiseme "ndo alivyo".

Wengi wetu lakini wazee wetu walianza baada ya 65, na hapo jeni inayoongelewa ni hiyo APOE. Ina aina tatu, ya 2, ya 3 na ya 4, tunapokea moja kwa baba moja kwa mama. Tangu 1993 inajulikana ile ya 4 inaongeza hatari. Kwa watu wenye asili ya Ulaya nakala moja inaongeza kama mara tatu, mbili mara 8 hadi 12. Soma vizuri: kwa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa muda mrefu uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulikuta kwa Wayoruba hiyo aina ya 4 haina nguvu kama inavyosemwa, na Alzheimer yenyewe ilikuwa inatokea kidogo zaidi Ibadan. Hata ule uchambuzi mkubwa wa 2022 uliotaja maeneo 75 kwenye vinasaba yanayohusiana na ugonjwa, watu wake walikuwa karibu wote wa asili ya Ulaya. Sasa mtu wa Mbagala ukatema mate kwenye kichupa, ukatuma nje, ukarudishiwa asilimia za hatari, hizo asilimia zimepigwa kwa watu gani?

Ndo maana ushauri wangu ni huu, kipimo cha APOE kwa ajili ya kujua tu usilipie. Wapo wenye ya 4 wanazeeka na akili zao, wapo wasio nayo wanaugua. Kama mchoro wa ukoo ni ule wa miaka 40, hapo sawa, ongea na daktari wa mishipa ya fahamu kwanza kuhusu kipimo, aanze kupimwa mgonjwa mwenyewe na sio watoto wazima, na mtoto chini ya miaka 18 asiguswe kabisa. Hapa kwetu vipimo vya DNA watu wanavijua kwa kesi za mtoto wa nani, ila sheria ya vinasaba vya binadamu ipo tangu 2009 na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kabla sampuli haijapanda ndege, uliza huko. Majibu ya jeni ukishayajua huwezi kuyarudisha, na ukijua yako umeshajua nusu ya mambo ya dada yako ambaye hakutaka kujua.

Watafiti wakija kuomba damu usiwafukuze, tunahitaji Waafrika wengi zaidi kwenye hizi tafiti, nimetoka kusema kwa nini. Ila omba uone kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, uliza damu inapelekwa wapi, itatunzwa muda gani, mtapewa majibu au hapana, na nani anasaini kama mgonjwa haelewi tena anachosaini. Baki na nakala ya fomu.

Na kwa mwenye hofu ya jeni kuna kitu cha kufanya kesho asubuhi. Ripoti ya kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 ilihesabu vitu 14 vinavyoweza kubadilishwa ambavyo kwa pamoja vinahusika na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Presha, sukari, kolesteroli, sigara, pombe, kutosikia vizuri, upweke, kuumia kichwa. Pima presha bwana. Na vaa helmeti kwenye bodaboda, hata kama inanuka.

Makaratasi

Ukitafuta mtandaoni habari za msaada wa ulemavu kwa Alzheimer utakutana na mambo ya Marekani, kwamba tangu 2010 mgonjwa wa Alzheimer ya mapema yuko kwenye orodha ya wanaoharakishiwa maombi ya mafao ya ulemavu. Ni kweli, na kama una ndugu kule anayefanya kazi kaugua na miaka 55 mwambie. Huko pia kuna sheria ya 2008 inayokataza mwajiri na bima ya afya kumbagua mtu kwa jeni zake, ila haigusi bima ya maisha wala bima ya ulemavu, kwa hiyo hata wao asikimbilie kupima kabla hajafikiria hilo. Kwetu mambo ni mengine.

Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 haisemi ulemavu ni kukosa mguu tu. Inaangalia mtu anaposhindwa kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wenzake kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Mzee asiyeweza kutoka peke yake anaingia humo, na ukikutana na mtu dirishani anakwambia "mbona huyu anatembea", mwonyeshe barua ya daktari ile sehemu ya hawezi nini. Umeona sasa kwa nini niliisisitiza.

Kama mgonjwa bado ameajiriwa, kanuni ni moja: asiandike barua ya kuacha kazi. Wengi wa miaka 50 wanaanza kukosea hesabu, kusahau vikao, wanaitwa wazembe, wanaona aibu wanajiuzulu, na kila kitu kinapotea hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Wakati huo unafuatilia NSSF au PSSSF mafao ya ulemavu, hayo yanapitia tathmini ya madaktari na wanaangalia pia michango, kwa hiyo chukua taarifa ya michango mapema uone kama mwajiri alikuwa anapeleka kweli.

Kwa mzee asiye na ajira njia inaanzia mtaani. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua ya utambulisho, unaenda kwa mtendaji wa kata, halafu afisa ustawi wa jamii, wa kata au wa manispaa. Huyu afisa ustawi ndo ufunguo, mzoee, msalimie hata siku huna shida. Mwombe mambo mawili: msamaha wa matibabu kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na mgonjwa aingizwe kwenye kumbukumbu za watu wenye ulemavu, sheria ile ya 2010 imeweka kamati kuanzia ngazi ya mtaa. Msamaha ukiupata ujue kumwona daktari utamwona, ila dawa nyingine utaambiwa kanunue nje, jipange. TASAF ni kwa kaya maskini sana na inaangalia kaya nzima, sio ugonjwa. Mikopo ya halmashauri yenye asilimia 2 ya watu wenye ulemavu sikushauri umkopee mtu anayesahau. Pensheni ya kila mzee wa miaka 70 ipo Zanzibar tangu 2016, huku bara tunaiangalia kwa ng'ambo tu.

La haraka kuliko yote hayo ni saini. Mzee akiwa bado anaelewa, nenda naye kwa wakili muandike hati ya uwakilishi, inayompa mtu mnayemwamini kusaini kwa niaba yake, kama hela hamna tafuteni msaada wa kisheria wa bure, upo. Wosia pia kama anataka, mbele ya mashahidi. Akishapoteza uwezo wa kuelewa hamna wakili mwaminifu atakayemsainisha, na hata ile hati mliyoandika nguvu yake inaisha, inabaki njia ya mahakama. Hati ya nyumba iwekwe mahali ambapo watoto wote wanapajua, maana kuna watu wanawanusa wazee wa hivi, unashtukia kiwanja cha Kigamboni kina mwenye mpya. Namba ya siri ya simu nayo, wekeni salio dogo kwenye laini anayoshika.

Kuhusu kupotea, shonea namba zako mbili kwa uzi kwenye pindo la kanga au ndani ya kola ya shati, kadi ya mfukoni anaitupa. Pita kijiwe cha bodaboda cha mtaani uwaonyeshe picha yake, wao ndo watamwona kwanza. Akipotea ripoti polisi saa hiyo hiyo, piga na picha mpya kila baada ya miezi michache kwa sababu ile ya harusi ya 2009 haimfanani tena.

Mwisho kikao cha familia, na kiwe na mtu wa kuandika. Kazi hii huwa inamwangukia binti mmoja ambaye hajaolewa au mkamwana mmoja, wengine wanatuma elfu hamsini na maagizo. Gaweni zamu kwa majina na tarehe: nani analala naye lini, nani anampeleka kliniki, nani analipa dada wa kazi, nani anashika faili. Aliyeko Canada naye aandikwe, zamu yake iwe likizo yake ya Desemba, wiki mbili nzima, na anayemuuguza kila siku wiki hizo mbili aondoke nyumbani kabisa.